USITUPE SWETA KUUKUU

Sufu ya mtumba hufumuliwa, hutiwa rangi ya majani na magome, ikawa nguo mpya ya mtoto

Mwezi wa Juni na Julai, kipupwe kikiingia Shinyanga, asubuhi huwa na baridi kuliko wageni wanavyodhani. Nchi yetu imeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya bahari. Jua likizama joto huondoka upesi, na mtoto atokaye nyumbani kabla ya mapambazuko kwenda shule huenda amejikunyata, mikono kwapani. Mama humtazama mpaka amepotea njiani, akasema moyoni: Mwezi huu sharti nimpatie sweta. Mwezi hupita, chumvi, sabuni na michango ya shule hula fedha yote, na sweta halijapatikana.

Basi mama huyo huyo, siku ya mnada, hupita karibu na turubai lililotandazwa chini, juu yake lundo la masweta ya mtumba. Moja limetoboka kiwiko. La pili lina doa kifuani. La tatu ni kubwa kama hema, lingemfaa mtu wa Ulaya mwenye kitambi. Jioni muuzaji hayataki kuyafunga tena katika robota. Huyatoa kwa bei ya kutupa. Watu huyapindua, huyacheka, huenda zao. Kumbe pale chini pana nyuzi za kufuma sweta la mtoto, kofia ya kichanga na soksi za babu, zote zikingoja mkono wa mtu ajuaye kufumua.

Makala haya ni ya mkono huo. Ili maneno yasiwe makavu tutatumia mfano wa bibi mmoja na mjukuu wake, tuseme wa kijiji cha upande wa Kahama. Si watu wa nyumba fulani; ni mfano tu, lakini msomaji akiona wanafanana na watu wa kwao, asistaajabu.

BINTI ANATAKA KWENDA MACHIMBONI

Binti alikuwa amemaliza kidato cha nne, na matokeo yake hayakumfikisha mbali. Rafiki yake alimpigia simu kutoka machimbo ya wachimbaji wadogo upande wa Geita: “Njoo, huku mama lishe anatafuta msaidizi. Wachimbaji wanalipa kila siku.” Binti akafunga nguo zake katika mfuko, akaenda kumwaga bibi yake. Alimkuta uani, juu ya kigoda, na sweta la kijivu mapajani, akilipasua mshono kwa wembe.

“Mwangaluka, Bibi.”

“Mwangaluka, mjukuu wangu. Karibu, kaa.”

“Bibi, mbona unaharibu sweta zima?”

“Siliharibu. Nalirudisha lilikotoka. Shika uzi huu, uuzungushe mgongoni mwa kiti. Basi la Geita halitaondoka sasa hivi.”

Bibi hakumwambia asiende. Alijua kwamba dhahabu ina sauti kubwa katika nchi hii. Mgodi wa zamani wa Geita ulifungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukafunguliwa mwaka 2000. Ule wa Bulyanhulu, upande wa Kahama, ukafuata mwaka 2001. Kando ya migodi hiyo mikubwa wako wachimbaji wadogo wengi sana, na nyuma yao wapishi, wachuuzi na vijana watafutao bahati. Mwingine hurudi na bati za kuezekea nyumba, mwingine hurudi na kikohozi. Binti wa miaka kumi na minane anayekwenda peke yake kambini kulala asikojua, bibi yake hawezi kulala. Lakini bibi alijua vile vile kwamba kumkataza mtu njia bila kumwonyesha nyingine ni kazi bure.

Basi akampa uzi ashike.

SUFU HII YATOKA WAPI?

Kondoo wetu wa Usukumani, wale wenye mkia mnene, hawana sufu ya kusokota. Wana nywele fupi tu. Nguo ya nchi hii ni pamba, ambayo wazee waliiita dhahabu nyeupe. Kwa hiyo sufu hutufikia kutoka mbali, ndani ya robota za mitumba. Wakubwa wanakumbuka kwamba miaka ya 1970 na mwanzoni mwa miaka ya 1980 nguo zilikuwa adimu sana nchini, na biashara ya mitumba haikuruhusiwa. Katikati ya miaka ya 1980 mlango ulifunguliwa, na minada yetu ikajaa nguo ambazo watu waliziita “kafa Ulaya”, kana kwamba mwenyewe amekufa ndipo zikaja.

Tena tusidhani kwamba kufumua nguo ya sufu ni kazi ya maskini wa kijijini peke yao. Mwaka 1813, katika mji wa Batley, Uingereza, mtu aitwaye Benjamin Law alipata njia ya kusaga matambara ya sufu, kuyachanganya na sufu mpya na kusokota uzi tena. Kazi hiyo ilijenga miji mizima. Huko Prato, Italia, tangu karne ya 19 watu wametajirika kwa kupanga matambara ya sufu kwa rangi zake na kuyafanya vitambaa vipya. Na katika mji wa Panipat, kaskazini ya Delhi, India, masweta ya mtumba yamesagwa miaka mingi yakafumwa mablanketi mazito ya kijivu. Mablanketi ya namna hiyo ndiyo yaliyogawiwa kwa wakimbizi na watu waliopatwa na maafa katika nchi nyingi. Huenda hata wewe umewahi kujifunika sweta la Mzungu pasipo kujua.

Jirani zetu wa Kenya nao wana mfano mwema. Mjini Nanyuki kikundi cha akina mama kilianza mwaka 1977 kusokota kwa mikono sufu ya kondoo wa kule, kuitia rangi na kufuma mazulia. Wao wana kondoo wa sufu. Sisi tuna mtumba. Kazi ya rangi na mkono ni ile ile.

KWANZA, JUA KUCHAGUA

“Si kila sweta ni sufu,” bibi alisema. “Mengi siku hizi ni ya akriliki, kitu cha mafuta ya ardhini. Hayo hayashiki rangi ya miti hata uyapike siku tatu. Ukinunua kwa macho tu, utalia.”

Tazama kwanza kitambulisho kilichoshonwa shingoni au ubavuni. Ukisoma WOOL, LAINE, LANA au WOLLE, hiyo ni sufu kwa Kiingereza, Kifaransa, Kitaliano na Kijerumani. Angalia na namba iliyo kando: ikiwa ni 100, ni sufu tupu, ikiwa ni 50, nusu yake ni kitu kingine, na rangi itashika nusu nusu.

Kama kitambulisho kimekatwa, chomoa uzi mfupi, uushike kwa koleo na kuuwasha juu ya sahani ya bati. Sufu huungua polepole, hunuka kama nywele zilizoungua, na majivu yake husagika vidoleni. Akriliki na nailoni huyeyuka, hujikunja, na zikipoa huacha punje ngumu isiyosagika. Fanya hivi mbali na watoto na mbali na nguo.

Kisha geuza sweta ndani nje, utazame mishono. Ikiwa ukingo wa kila kipande umefumwa vizuri kama mnyororo, halafu vipande vikaunganishwa kwa uzi, nunua. Uzi wake utatoka mrefu. Ikiwa ukingo umekatwa kwa mkasi na kuzungushiwa uzi mwingi wa cherehani, liache. Hilo lilikatwa kutoka katika kitambaa, nawe utapata vipande vya uzi vya urefu wa mkono tu, visivyofaa kufuma.

La mwisho, epuka sweta lililokwisha kuganda na kuwa gumu kama blanketi. Hilo limefuliwa kwa maji ya moto. Nyuzi zimeshikana, wala halifumuki. Lakini lisikatishe tamaa: likate soli za ndani za viatu, au kishikio cha kuepulia sufuria.

KUFUMUA

Pasua mishono ya mabega, mikono na ubavu kwa wembe, taratibu, usikate sufu yenyewe. Utakuwa na vipande vinne: mbele, nyuma, na mikono miwili. Sweta kwa kawaida hufumwa kuanzia chini kwenda juu. Kwa hiyo kufumua huanzia juu, begani, na uzi hushuka wenyewe kama maji.

Mmoja afumue, mwingine azungushe uzi juu ya mgongo wa kiti. Uzi ukikatika, funga fundo dogo uendelee. Kipande kikiisha, funga furushi hilo la uzi mahali panne kwa kamba ya pamba, lakini kwa kulegeza. Ukikaza, rangi haitaingia chini ya kamba, na utapata mabaka meupe.

Uzi uliofumuliwa huwa na mawimbi kama nywele zilizosukwa zikasukuliwa. Uoshe katika maji ya vuguvugu na sabuni kidogo. Usiusugue wala kuukamua kwa nguvu, uubonyeze tu. Uanike kivulini na kuning’iniza chupa ya maji chini yake. Ukikauka utakuwa umenyooka. Sweta moja la mtu mzima hutoa yapata gramu 300 hadi 500 za uzi, nazo hutosha sweta la mtoto mdogo na kofia juu yake.

“Sasa, mjukuu wangu,” bibi akasema, “sweta hili nimelipata kwa bei ya kutupa. Andika bei hiyo katika daftari lako. Umesoma hesabu, na hesabu hiyo isikae bure.”

Binti akaandika.

RANGI ILIYO MLANGONI PAKO

Mwaka 1856 kijana Mwingereza wa miaka 18, William Perkin, alikuwa akitafuta dawa ya malaria katika chumba chake London. Hakuipata, akapata rangi ya zambarau, ya kwanza kuuzwa sana kati ya zile zitengenezwazo kwa lami ya makaa ya mawe. Tangu hapo rangi za dukani zimeenea duniani kote. Lakini tangu zamani sana, hata kabla ya siku zile za Lidia wa Thiatira aliyeuza zambarau na kumsikiliza Mtume Paulo, watu walitia rangi nguo zao kwa mimea, wadudu na konokono wa bahari. Mimea hiyo bado tunayo.

Maganda makavu ya vitunguu hutoa rangi ya manjano iliyokolea mpaka ile ya kutu, nayo hushika vizuri. Mwombe muuza vitunguu akuwekee. Yeye huyafagia na kuyatupa. Majani ya mwembe hutoa manjano. Magome na maganda ya mbegu ya mgunga, yale ambayo watengenezaji wa ngozi huyatumia, hutoa hudhurungi. Majani ya chai yaliyokwisha kupikwa hutoa rangi ya kahawa nyepesi. Bizari ya manjano hutoa rangi kali ya kupendeza, lakini usidanganyike: jua huila upesi. Mteja atakayenunua kofia ya bizari atarudi kukugombeza baada ya mwezi. Nayo buluu ya kufulia nguo haiingii ndani ya sufu. Hukaa juu tu, ikaondoka na maji.

Hapa tuseme jambo la miti. Wazee wa Shinyanga wanajua nchi yao ilivyokuwa tupu, miti imefyekwa kwa kuua mbung’o, kwa mashamba na kwa kuni, hata watu wakaiita jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha kazi ya Hifadhi Ardhi Shinyanga, yaani HASHI, nayo ikafufua desturi ya Wasukuma ya ngitili, kutenga ardhi ipumzike majani na miti ipate kukua. Ngitili zilizohesabiwa hapo mwanzo hazikufika hekta 1,000. Baada ya miaka kumi na tano hivi zilikuwa zimepita hekta 300,000. Mwaka 2002 kazi hiyo ilipewa Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Miti hii basi isife kwa ajili ya kofia. Usichune gome kuzunguka shina, kwa maana mti uliozungushwa hufa. Chukua tawi lililokatwa kwa kazi nyingine, okota maganda ya mbegu yaliyoanguka, au omba magome kwa mpasua mbao. Tena ngitili ina mwenyewe, na ina kanuni za kijiji. Omba ruhusa kwanza.

KUTIA RANGI, HATUA KWA HATUA

Uzi wa sufu hupenda rangi kuliko uzi wa pamba, lakini hata wenyewe huhitaji kitu cha kuishikisha. Kitu hicho ni shabu, lile jiwe jeupe kama chumvi linalouzwa sokoni.

Pima uzi ukiwa mkavu. Kwa kila gramu 100 za uzi, chukua gramu 10 hadi 15 za shabu iliyosagwa, ndiyo vijiko viwili au vitatu vya chai. Iyeyushe katika maji ya moto, kisha uimimine katika sufuria kubwa yenye maji ya kutosha uzi kuogelea. Lowesha uzi kwanza katika maji ya vuguvugu, ndipo uuingize. Tia moto mdogo, maji yapate joto polepole mpaka yatoe mvuke, lakini yasitokote kwa nguvu. Kaa hivyo saa moja. Epua, uache uzi humo humo upoe mpaka kesho.

Kesho yake chukua maganda ya vitunguu, uzito sawa na wa uzi au nusu yake, uyachemshe saa moja, uyachuje. Maji hayo yakiwa vuguvugu, ingiza uzi wenye shabu ukiwa bado umelowa. Tia moto mdogo tena, dakika 45 mpaka saa moja. Geuza kwa mti, usikoroge kama ugali. Uache upoe humo, kisha uuoshe kwa maji mpaka yatoke safi, uuanike kivulini.

Ukitaka rangi nyeusi-nyeusi, loweka misumari yenye kutu katika maji yenye ndimu kwa wiki moja au mbili. Uzi uliopikwa kwa magome ya mgunga ukitumbukizwa kidogo katika maji hayo ya kutu hugeuka kijivu, na kisha karibu na mweusi. Lakini usizidishe, chuma kingi huila sufu ikawa dhaifu.

Kanuni mbili ziwekwe kichwani. Ya kwanza: sufu haiogopi moto, huogopa kushtuliwa. Ukiitoa katika maji ya moto na kuitupa katika maji baridi, au ukiisugua ingali moto, itaganda. Mwandishi wa maneno haya aliwahi kulifua sweta jema la mama yake kwa maji yaliyotokota, akidhani anampendeza. Lilitoka lingemtosha mwanasesere. Mama hakusema neno. Alilitazama tu, akaenda kulifanya mto wa kiti, na mto ule ulikaa sebuleni miaka mingi kama shahidi.

Ya pili: rangi huongeza, haipunguzi. Sweta jeusi halitakuwa la manjano. Nunua jeupe, la maziwa au la kijivu. Kijivu kikitiwa maganda ya vitunguu hutoa rangi tulivu kama ya majani makavu, ambayo duka halina.

SUFURIA YA RANGI ISIPIKIWE

Bibi alikuwa na sufuria yake ya rangi, kuukuu, imefungwa kitambaa chekundu mkononi ili mtu asikosee akaipikia uji. Shabu huwekwa juu, mbali na watoto. Maji ya rangi hayamwagwi karibu na kisima.

Kwa watu wa machimboni tuna neno zito zaidi. Usitie rangi, wala kupika, katika chombo chochote kilichochomewa dhahabu ya zebaki, wala katika ndoo au pipa lililowahi kuwa na sianidi au dawa nyingine ya mgodi, hata likiwa limeoshwa mara kumi. Usifulie sufu katika maji ya dimbwi panapooshewa mchanga wa dhahabu. Mvuke wa zebaki hauonekani, nao huharibu akili na mishipa, na humdhuru mtoto aliye tumboni. Ndiyo maana nchi nyingi ziliweka Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013, ulioitwa kwa jina la mji wa Japani ambako watu waliteswa na zebaki, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020. Nguo ya mtoto isianzie katika sumu.

SINDANO NA UZI

Uzi ukiwa tayari, mwenye kujua kufuma kwa sindano mbili au kwa sindano ya kulabu ataanza mara moja. Asiyejua aanze na kushona kwa mkono, maana uzi wa sufu ni mnene na hufunika haraka.

Kwa tundu la kiwiko: pitisha nyuzi sambamba kutoka ukingo hadi ukingo, kisha rudi ukizipishana, moja juu na moja chini, kama mfuma mkeka. Usivute kwa nguvu, kiraka kisije kikajikunja.

Kwa kitambaa cha meza: tumia marikani, uchore maua kwa penseli. Mshono wa mnyororo hufuata mistari. Mshono wa msalaba hujaza ndani, nao sharti misalaba yote ilale upande mmoja, wa juu kwa juu, la sivyo kazi huonekana kama imechezewa na kuku. Kumbuka tu kwamba kitambaa hicho kitafuliwa kwa maji baridi.

Kwa zulia dogo la kuwekea miguu kitandani: chukua gunia la katani lililooshwa, ukunje kingo, upitishe uzi kwa sindano kubwa mstari kwa mstari mpaka gunia lisionekane. Mabaki yote mafupi, hata yale ya akriliki, huishia hapa. Hakuna kinachotupwa.

Ukimaliza, uzi uliobaki uufunge na majani makavu ya mwarobaini, uukung’ute kila mwezi. Nondo hupenda sufu kuliko tunavyoipenda sisi.

JE, INALIPA?

Wiki ya pili binti alikuwa bado hajaondoka. Simu ya rafiki yake iliita mara mbili. Daftari lilikuwa wazi mkekani: bei ya sweta, sabuni, shabu, kuni; chini yake saa za kufumua, kuosha, kutia rangi na kufuma.

“Bibi,” alisema, “tukiuza uzi huu kama uzi, tumepata hasara. Dukani uzi wa akriliki ni rahisi, tena una rangi kali.”

“Kweli.”

“Tukifuma sweta la shule, nalo lazima liwe la rangi ya shule. Rangi zetu hazifanani mara mbili.”

“Kweli pia.”

“Basi kinacholipa ni nini?”

Swali hili ndilo la kila kikundi cha akina mama, na vikundi vingi vimekufa kwa kutoliuliza. Tulijibu wazi. Kushindana na duka kwa uzi rahisi hakufai. Kufuma sare hakufai, ila kwa mtoto wako mwenyewe ikiwa mwalimu ataikubali rangi. Kinachofaa ni kitu ambacho duka halina au hulipi kwa bei hiyo: kofia na soksi za kichanga za sufu halisi, ambayo huendelea kutia joto hata ikilowa kidogo, shali la mzee, kofia nzito ya mlinzi wa usiku, zulia la kitanda. Faida yake hutoka katika mikono yako, na saa zako zina thamani. Usiziandike sifuri katika daftari.

Jambo la pili: fanya hesabu kwa chungu, si kwa kofia. Kuwasha moto mara moja kwa gramu 800 hula kuni chache kuliko kuuwasha mara nane kwa gramu 100. Ndipo umuhimu wa jumuiya huonekana. Mama watano walete uzi wao siku moja, wapike pamoja chungu cha vitunguu na chungu cha mgunga, wagawane kuni na kazi. Lakini kila mmoja afunge uzi wake kwa alama yake, na hesabu iandikwe mbele ya wote siku ile ile. Urafiki wa miaka ishirini umevunjika kwa gramu hamsini.

Jambo la tatu ni la akina baba. Fedha ya kofia ni ndogo, wala haifanani na ile ya mtu aliyepata bahati shimoni. Lakini huja kila mwezi wa baridi, na haimwagi udongo juu ya mtu. Mume akiona mkewe ana fedha hiyo, asiione kuwa imepotea njia kwenda mfukoni mwake. Walikae pamoja, waipangie kazi.

Katika Matendo ya Mitume tunasoma juu ya Tabitha wa Yafa, ambaye alipokufa wajane walisimama wakilia, wakimwonyesha Petro nguo alizowashonea. Hawakuonyesha fedha wala nyumba yake. Walionyesha nguo.

SIMU YA TATU

Simu iliita mara ya tatu jioni, bibi na mjukuu wakiwa wamekaa mlangoni. Juu ya mkeka palikuwa na kofia sita: mbili za rangi ya kutu, tatu za manjano, moja ya kijivu.

“Unakuja au huji?” rafiki akauliza. “Mama lishe atamchukua mwingine.”

“Amchukue,” binti akajibu. “Mimi nitakuja, lakini sitakuja kupika. Nakuja kuuza. Huko usiku kuna baridi?”

“Baridi sana! Walinzi wanajifunika magunia.”

“Na akina mama wenye vichanga, wako?”

“Wako wengi.”

Binti akamtazama bibi yake. Bibi alikuwa ameinamia sindano, kana kwamba hasikii.

“Utakwenda na shangazi yako,” alisema mwishowe, bila kuinua macho. “Mtaondoka alfajiri, na mtarudi siku ile ile. Na ile ya kijivu usiiuze.”

“Kwa nini, Bibi?”

“Ile ni yako. Basi la alfajiri lina baridi.”